Chipsi za Mtae na Adabu ya Kula

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na mavazi ya kale peke yake. Umo pia katika chungu na kikaango, na katika namna watu wapeanavyo chakula. Hayo niliyaona Mtae, kijiji kilichojengwa juu ya mgongo wa mlima, ukingoni mwa Usambara ya Magharibi, mahali ambapo mtu husimama akaziona nyanda za Mkomazi chini kabisa ya miguu yake.

Karibu na kituo cha basi mama mmoja alikuwa akikaanga chipsi mayai, chakula ambacho vijana wa Dar es Salaam hukiita zege. Viazi alivimenya mbele ya wateja, vingali na udongo wa shamba lake. Akavikaanga, akavimiminia mayai mawili yaliyopigwa, akavigeuza hata vikashikana. Nilimwomba anifungie nipate kula njiani. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mtu hali huku akitembea kama anayekimbia deni. Keti."

Mzee aliyekuwa kwenye benchi alinisogezea nafasi. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza kama chakula hiki cha mjini hakiui mila za Washambaa, kwani wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Alicheka. "Wazee wetu walikula ndizi," akajibu. "Mahindi na muhogo vilitoka ng'ambo, na leo twaviita chakula cha kwetu. Kiazi nacho tumekwisha kukizoea."

Wala hakukosea. Mahindi, muhogo na kiazi mviringo, vyote asili yake ni bara la Amerika. Kiazi kilianza kulimwa katika milima ya Andes. Leo viazi vya Lushoto hupakiwa katika malori vikalishe miji.

Mama alileta sahani moja na vijiti viwili, kimoja changu na kimoja cha mzee, bila ya kuuliza. Mtoto aliyepita alipewa naye kipande, akasema "Hongea," yaani asante.

Basi mila ipasayo kulindwa si aina ya chakula, bali ni adabu ya kukila. Hatari haimo katika kiazi. Imo katika kifurushi kinachomwezesha mtu kujifungia chumbani ale peke yake, asijue kama jirani yake ameshiba au amelala njaa. Achukuaye kiazi cha mlimani kwenda nacho mjini, na achukue pia kile kijiti cha pili.