Mtoto Akiuliza Maana ya Noeli



Majilio yanapofika, Kingolwira yetu hubadilika sura. Mvua za vuli zinapojalia, mashamba hulainika. Maembe hujaa ndoo na vikapu kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, na mikrismasi huwaka maua mekundu. Mti ule asili yake ni Madagaska, nao umepata jina hilo kwa kuwa huchanua majira haya ya Noeli. Pamoja na uzuri huo wote uliopo mlangoni petu, katika nyumba nyingi tunabandika pamba juu ya matawi ili ifanane na theluji ambayo wengi wetu hatujaiona ila kwenye kadi. Si dhambi, ni pambo tu. Lakini mtoto akituuliza ile pamba ina maana gani, tutamjibu nini?

Swali la mtoto ni jambo zito katika Maandiko Matakatifu. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, Waisraeli wanapopewa maagizo ya Pasaka, wanaambiwa mapema kwamba ipo siku watoto watauliza maana ya ibada ile, nao wazazi wawe na jibu. Na Mwinjili Luka, katika sura ya 2, anatusimulia kuwa Yosefu na Maria walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Yesu alipotimiza miaka 12 walikwenda pamoja naye, kisha wakamkuta Hekaluni kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza maswali. Hata Familia Takatifu, basi, ilikuwa na mila zake, na Mwana wa Mungu alikulia ndani ya mila hizo.

Hapa tunajifunza kwamba mila njema ya familia husimama juu ya mafiga matatu: irudiwe kila mwaka, mtoto awe na kazi yake ndani yake, na mzazi awe tayari kuieleza. Figa moja likiondoka, chungu huanguka. Nguo mpya, pilau na soda ni mambo mema, lakini iwapo baada ya chakula baba anakwenda zake kilabuni, mama anabaki na vyombo, na watoto wanazurura barabarani mpaka jioni, hapo tumekula sikukuu bila kuisherehekea.

Tena tuseme wazi jambo linaloumiza familia zetu kimya kimya. Wapo wanaokopa ili Noeli yao ionekane, kisha Januari inawakuta mikono mitupu. Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari havijafutwa. Mtoto aliyevaa suti tarehe 25 Desemba, kisha akakosa daftari shule zinapofunguliwa, amefundishwa jambo baya kuhusu Noeli. Kuketi pamoja mapema mwezi huu, baba na mama, kutenga kwanza fedha ya shule na kuwaeleza watoto kwa nini tumefanya hivyo, nayo ni mila inayofaa kurudiwa.

Mila nzuri haihitaji fedha nyingi. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, mwaka 1223, pale Greccio nchini Italia, alitaka watu waone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Bwana. Aliandaa hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, na wanakijiji wakaja usiku na mienge. Papa Fransisko alifika papo hapo Greccio tarehe 1 Desemba 2019 na kutoa barua yake kuhusu maana ya pango la Noeli, akizitia moyo familia kuliandaa nyumbani. Watoto wetu ni mafundi wa kufinyanga ng'ombe kwa udongo. Tuwaachie kazi hiyo: wafinyange wachungaji na kondoo, waezeke pango kwa majani makavu ya mgomba, na hori libaki tupu mpaka Mkesha wa Noeli, ndipo mdogo kuliko wote amweke Mtoto Yesu. Atauliza kwa nini hori lilikuwa tupu siku zote hizo. Hapo ndipo katekesi inapoanza.

Vivyo hivyo shada la Majilio. Lilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839, kwa mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern, ambaye watoto aliowalea walikuwa wakimuuliza kila siku Noeli itafika lini. Leo Wakatoliki nasi tunawasha mishumaa minne, mmoja kwa kila Dominika. Asiye na minne awashe mmoja, familia ikisali kwa dakika tano kabla ya chakula cha usiku, simu zikiwa zimewekwa kando. Giza likipungua kidogo mezani, mtoto ataelewa neno Majilio kuliko kwa mahubiri marefu.

Tusisahau hazina ya wazee. Miongoni mwa Waluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa katika malezi. Kwa nini mjomba asiwe na kazi yake siku ya Noeli? Yeye au bibi awasimulie watoto jinsi imani ilivyoingia katika ukoo, nani alibatizwa kwanza, na ni nani waliotutangulia mbele ya haki mwaka huu, kisha marehemu hao watajwe kwa majina na kuombewa. Nyumba yenye msiba mpya isilazimishwe kucheka. Ipewe nafasi ya kukumbuka. Na vijana wetu walioko Dar es Salaam, ambao tangu Juni 2024 wanaweza kufika Morogoro kwa treni ya umeme, waje wakiwa na muda wa kusikiliza, si mizigo peke yake.

Noeli isiyovuka kizingiti cha nyumba yetu haijakamilika. Majirani zetu Waislamu hutuletea sahani wakati wa Idi. Basi watoto wetu wabebe sahani iliyofunikwa vizuri na kuwapelekea wao nasi tunaposherehekea, na wampelekee pia mjane na mgonjwa. Wapo vilevile ndugu walioko katika Gereza la Kingolwira, ambao Bwana alisema kuwatembelea wao ni kumtembelea Yeye. Jumuiya Ndogo Ndogo zaweza kukusanya kipande cha sabuni kutoka kila nyumba na kuvipeleka kwa kufuata utaratibu wa gereza. Mtoto atoe kile cha nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani, na Papa Yohane Paulo wa Pili akalirudia fundisho hilo katika wosia wake juu ya familia wa mwaka 1981. Kanisa hilo dogo nalo lina liturujia yake: mshumaa, pango la udongo, simulizi la bibi, sahani ya jirani. Tusijitwishe yote kwa mara moja. Kila familia ichague jambo moja mwaka huu, ilifanye kwa upendo, na mwakani ilirudie. Watoto wetu watakapokuwa wazazi mahali tusipopajua, pengine pasipo na fedha wala jamaa, jambo hilo moja watakuwa nalo.

Familia Takatifu ya Nazareti iziombee familia zetu. Tunawatakia Majilio mema. Amina.