Vumbi la Zulia

Nataka kuwasimulia habari ya zulia langu. Labda wengine watacheka. Lakini ni nani katika Lubumbashi asiyependa kuwa na zulia sebuleni, ili wageni wakiingia waseme, "Kweli, hapa pana nyumba"?

Nililinunua langu miaka mitatu iliyopita. Nilichagua jekundu, maana vumbi letu nalo ni jekundu, nikajua halitaonekana. Kila asubuhi binti aliyetusaidia kazi alilifagia kwa ufagio mkavu. Vumbi lilipanda hewani, likacheza kidogo katika mwanga wa dirisha, kisha likashuka pale pale. Nasi tukasema: nyumba imefagiwa.

Mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, mjukuu wangu wa miaka minne alianza kukohoa. Usiku kifua chake kililia kama filimbi. Nilimkaripia yule binti kwamba anamwogesha mtoto kwa maji baridi. Tena jirani mmoja aliponinong'oneza habari za uchawi, nilitega sikio. Nasema haya kwa aibu. Nikaanza kumtazama kwa jicho baya bibi wa mtoto, mama wa mke wa mwanangu, aliyekuwa akikaa kwetu.

Mwishowe tulikwenda kwa daktari. Hakuuliza habari za mtu ye yote. Aliuliza, "Mtoto anacheza wapi?"

"Juu ya zulia."

"Na mchana analala wapi?"

"Papo hapo."

Akatueleza kwamba mtoto ana pumu, na kwamba ndani ya mazulia hukaa wadudu wasioonekana kwa macho. Hula magamba ya ngozi yetu, na kinyesi chao huchokoza kifua cha mwenye pumu. Baadaye nilisoma kwamba vumbi la kwetu si udongo mtupu. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911. Na mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya madini vya Katanga wana kobalti nyingi mwilini, na watoto kuliko wakubwa.

Basi nilirudi nikalikunja zulia. Kumbe! Chini yake nilizoa kopo zima la vumbi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Huko Marekani, katika mji wa Canton, alikuwako mfagiaji wa duka, jina lake James Murray Spangler. Naye alikuwa na pumu, na kufagia mazulia kulimkohozesha. Akaunganisha feni ya umeme, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akapata mashine ya kunyonya vumbi badala ya kulirusha. Mwaka 1908 akapewa hati ya uvumbuzi wake.

Sasa nasi tunayo mashine ya namna hiyo. Twaisukuma polepole, mbele na nyuma. Ukiharakisha, hulamba juu tu. Mfuko wake twaumwaga nje kabla haujajaa, maana uliojaa haunyonyi vema. Umeme ukikatika, twalianika zulia juani juu ya kamba, twalipiga kwa fimbo upande wa mgongo; mpigaji amefunga kitambaa puani, na mtoto yuko mbali. Sakafu twaipangusa kwa kitambaa chenye maji. Kulifua twangoja kiangazi, maana wakati wa mvua halikauki, huota ukungu. Mashine haimalizi yote: mtoto anapewa dawa yake, wala halali tena juu ya zulia. Lakini kifua kimetulia.

Yule binti nilimwomba radhi siku ile ile. Kwa bibi ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu hakujua nilivyomdhania. Nilikwenda nikaketi naye, nikamwambia yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mkwe wangu, ulimtafuta adui chumbani mwangu, naye alikuwa chini ya miguu yako."

Ninyi mlio na mazulia, yainueni leo mkaone.