Mwanga Unaobadili Unachokiangaza

Kutu ni jirani yetu wa kudumu hapa Unguja. Upepo wa chumvi hutoka baharini ukapita Forodhani na Shangani, na nondo za madirisha hazichelewi kuvaa wekundu. Mwenye nyumba hupaka rangi, kutu ikangoja chini yake. Sisi husema "kutu" kana kwamba ni kitu kimoja, lakini wajuzi wa madini huhesabu oksidi nyingi za chuma. Iko magnetiti, nyeusi, inayovutwa kwa nguvu na sumaku. Iko maghemiti, ya hudhurungi, nayo huvutwa vilevile. Na iko hematiti, nyekundu kama udongo wa mashamba yetu, ambayo sumaku haiivuti ila kidogo mno.

Njia mojawapo ya kuzitambua ilizaliwa na swali la baharini. Mwaka 1921 mwanafizikia wa Kihindi, C. V. Raman, alisafiri kwa meli katika bahari ya Mediterania akajiuliza kwa nini maji yale ni ya buluu. Utafiti wake juu ya mwanga ulimfikisha mwaka 1928 kwenye ugunduzi unaobeba jina lake, na mwaka 1930 akapewa Tuzo ya Nobel. Alichogundua ni hiki: mwanga ukipiga kitu, sehemu kubwa ya ule unaotawanyika hubaki na rangi ile ile, lakini chembe moja moja ya mwanga katika mamilioni hurudi imebadilika rangi kidogo, kwa sababu ya mtikisiko wa atomi za kitu hicho. Mabadiliko hayo ni kama sauti ya mtu: kila madini yana yake. Leza ilipopatikana mwaka 1960, kazi hiyo ikawa nyepesi.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye mtego. Magnetiti ni nyeusi, na cheusi hunywa mwanga. Leza ya miliwati chache tu, ikikusanywa na lenzi ya hadubini kwenye nukta ndogo, inatosha kuiunguza. Chembe za nano, ambazo upana wake hupimwa kwa sehemu za bilioni za mita, ni dhaifu zaidi: hupata joto upesi na kushika oksijeni upesi. Magnetiti hugeuka maghemiti, kisha hematiti. Mtafiti husoma "hematiti" na kuandika "hematiti", kumbe ameipika mwenyewe. Mwaka 1997 watafiti wa Brazil walichapisha uchunguzi ulioonyesha jambo hili waziwazi. Nalo si dogo, kwani chembe hizi hutumika hospitalini kusaidia picha za mashine za sumaku zionyeshe tofauti vizuri zaidi, na hematiti haiwezi kushika kazi ya magnetiti.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nililiona jambo kama hili bila ya leza. Kijana mmoja alikuwa akifundisha hesabu kwa ucheshi hata watoto wakasahau kengele. Nilimsikia kutoka barazani. Alipoingia mtahini na daftari lake, sauti ilimkauka na chaki ikamponyoka. Karatasi ingesema hajui kufundisha, na cheti kingempita. Niliomba apimwe tena, mtahini akae nyuma, na kipindi cha kwanza asiandike neno. Kijana alifaulu, akafundisha miaka mingi.

Watafiti nao hufanya hivyo hivyo. Huanza na mwanga hafifu, huupanua ili usichome nukta moja, huongeza nguvu kidogo kidogo, kisha huushusha tena na kulinganisha. Kama alama ya pili haifanani na ya kwanza, wanajua kwamba mwanga wao umeacha athari.

Lakini iko tofauti moja inayonikosesha usingizi. Yule kijana alipoa akarudi kuwa yeye. Hematiti ikipoa hubaki hematiti. Katika watoto tunaowapima wamo wa namna zote mbili. Mtoto wa miaka 7 akiitwa mjinga mbele ya wenzake, huenda asirudi tena alivyokuwa, na sisi tukaandika kwenye ripoti kwamba ndivyo tulivyomkuta. Kwa hiyo nawausia walimu vijana: mpimeni mtoto, maana kupima ni kazi yetu, lakini anzeni na mwanga mdogo.