Maji na Umeme, Wapi na Wapi?

Maji na umeme, wapi na wapi? Hilo ndilo swali nililoulizwa na karibu kila aliyeingia chumbani kwangu tangu Februari: mjomba, wenzangu wawili wa gazetini, hata kijana anayetuletea maji kwa toroli. Ni swali la haki kabisa. Wote tumekua tukikatazwa kushika swichi kwa mikono yenye maji. Sasa mtu mzima, mwenye digrii yake, anakaa chini na bisibisi na kupitisha lita nzima ya maji katikati ya kompyuta aliyoinunua kwa jasho lake. Lazima watu waulize.

Basi leo nijibu mara moja, ili nipumzike.

Kwanza, kwa nini. Kazi yetu ya uandishi watu huiona siku inapotoka gazetini tu. Hawaoni usiku wa kusikiliza rekodi. Mazungumzo ya saa moja, ukiyaandika neno kwa neno, yanakula saa nne au tano, na ukiwa na usingizi ni sita. Mimi nina rekodi za zaidi ya miaka miwili: wavuvi, wakulima, wafanyakazi wa viwandani, wazee waliokubali kukaa na mimi chini ya mwembe mpaka jua linazama. Nyingi sijawahi kuziandika. Zimelala tu.

Siku hizi programu zipo. Whisper, iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, inasikiliza sauti na kuiandika, Kiswahili kikiwemo. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuipakua ukaiendesha kwenye mashine yako mwenyewe, hata intaneti ikiwa imezimwa. Njia nyepesi zaidi ni kurusha rekodi kwenye huduma ya mtandaoni, maandishi yakarudi kabla chai haijapoa. Lakini hapo sauti ya mtu inakuwa imesafiri mpaka kwenye kompyuta ambayo wewe wala yeye hamjui iko nchi gani.

Mwaka jana nilimhoji mama mmoja anayefanya kazi kiwandani. Alikuwa na mambo mazito ya kusema kuhusu usalama wa wenzake, na alijua kabisa kwamba yakijulikana yametoka kwake, kazi hana. Kabla sijaanza kurekodi aliniuliza, "Mwanangu, hii sauti yangu itaishia wapi?" Nikamjibu, "Kwangu, mama." Nilitaka jibu hilo libaki kweli. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inagusa pia suala la kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Ila hata kama sheria isingekuwepo, neno ni neno.

Kwa hiyo nilihitaji mashine yenye nguvu, hapa hapa chumbani.

Programu za namna hii zinataka kadi nzuri ya grafiki, na kadi nzuri ni ghali. Nilichopata Kariakoo ni RTX 3090, toleo la mwaka 2020, yenye kumbukumbu ya GB 24. Iliwahi kufanya kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali. Mnakumbuka Septemba 2022 Ethereum ilipoacha mfumo wa kuchimba, kadi nyingi za namna hiyo zilikosa kazi zikaanza kuuzwa mitumba. Hii ilikuwa na feni tatu, mbili zimekufa, ya tatu inakohoa. Ndiyo maana bei yake ilishuka. Hata hivyo ilikula akiba yangu ya karibu mwaka mzima.

Nilipoijaribu kwa feni za kuazima, iliwaka vizuri. Baada ya nusu saa ya kazi ikafika nyuzi 84, na kumbukumbu zake zikapita 100. Hapo mashine hujiokoa yenyewe: inapunguza kasi ili isiungue. Kumbuka hii ni Dar es Salaam, Februari, chumba cha bati, saa nane mchana. Feni haina hewa ya baridi ya kuleta. Inachota hewa ya nyuzi 33 na kuipuliza kwenye chuma cha moto. Kiyoyozi sina. Ndipo nikaanza kufikiria maji.

Sikubuni jambo jipya. IBM walipoza kompyuta yao kubwa ya 3081 kwa maji tangu mwaka 1980. Mwaka 1985 kompyuta ya Cray-2 ilizamishwa nzima ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme. Na vijana waliokuwa wakijaribu mambo haya majumbani mwao huko Ulaya na Marekani, miaka ya 2000 inaanza, walitumia rejeta ndogo za hita za magari na pampu za matangi ya samaki. Ukielewa injini ya gari, umeshaelewa nusu ya habari hii.

Mzunguko wenyewe ni huu. Kuna tangi dogo la maji. Chini yake pampu. Pampu inasukuma maji kwenye kipande cha shaba kilichogandana na prosesa, kisha kwenye kipande kingine cha shaba kilichofunika kadi ya grafiki. Maji yanapita ndani ya shaba hiyo kwenye mifereji myembamba kama meno ya kitana, yanabeba joto, yanakwenda kwenye rejeta yenye feni, yanapoa, yanarudi kwenye tangi. Maji hayagusi umeme hata kidogo. Yanagusa shaba na mpira tu.

Kwa nini maji? Kwa sababu lita moja ya maji inabeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa, kwa kila nyuzi moja ya kupanda. Hapo ndipo siri yote ilipo.

Vifaa niliviagiza China, vikaja na mzigo wa watu wengine. Ushauri wangu kwa atakayefuata: kipande cha shaba cha kadi ya grafiki hakinunuliwi kwa jina la kadi pekee. Kadi mbili za jina moja zinaweza kuwa na bodi tofauti, na matundu ya skrubu yasikutane. Nilisoma namba ya bodi kwa tochi ya simu kabla ya kutuma hata shilingi. Jambo la pili, rejeta iwe ya shaba kama vipande vingine. Ukichanganya shaba na alumini kwenye maji yale yale, alumini italiwa kidogo kidogo, kama betri inavyojila. Mipira nilichukua laini, ya kubana kwa klempu. Ile ya plastiki ngumu yenye taa za rangi inapendeza kwenye picha, lakini mimi nataka kitu ambacho naweza kukifungua saa tano usiku kwa bisibisi moja.

Maji nayo si ya bomba wala ya kisima. Ya bomba yana chumvi na madini yanayoganda kwenye ile mifereji myembamba. Nilitumia maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri za magari, na nilisoma lebo mara mbili kwa sababu dukani yanakaa jirani na asidi. Nikaongeza dawa ya kuzuia kutu na mwani. Bila dawa, kwa joto letu hili, baada ya wiki chache unafuga bwawa.

Siku ya kujaza sikuwasha kompyuta. Unawasha pampu peke yake, umeme mwingine wote umekatwa, unatandika tishu kila kiungo, unaacha saa 24. Saa ya tatu nikaona tishu moja imelowa tone dogo, chini ya kadi. Nikazima, nikafungua. Oringi moja ilikuja na ufa toka kiwandani. Nikabadilisha, nikaanza kuhesabu upya. Saa 24 nyingine, tishu zote kavu. Ndipo nikaunganisha umeme wote, nikasema bismillahi, nikawasha.

Matokeo: chumba nyuzi 31, maji 42, kadi 55, kumbukumbu zake 78. Kazi ya saa nne mfululizo, kasi haikushuka. Na ukimya! Feni zinazunguka polepole kiasi kwamba nasikia kuku wa jirani.

Wengine wameniuliza kuhusu unyevu wa pwani: je, mipira haitatoa jasho kama chupa ya soda baridi? Haitoi. Jasho lile hutokea kitu kikiwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Maji yangu yanapozwa na hewa ya chumba, hivyo hayawezi kushuka chini ya joto la chumba, hata niongeze feni kumi. Na umeme ukikatika? Pampu inasimama, lakini na kompyuta nayo imesimama, hakuna kinachoungua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo matangazo hayasemi. Maji hayaui joto. Yanalihamisha tu. Kadi na prosesa vikifanya kazi kwa nguvu vinakula kama wati 450, karibu nusu ya pasi. Bila rejeta, lita moja ile ingepanda nyuzi sita kila dakika, na baada ya dakika kumi na kidogo ingekuwa inachemka. Rejeta inalitoa joto hilo kwenye maji na kulimwaga chumbani. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa nyuzi 55 inastarehe, na mimi mwenye chumba nimevua shati, kipimajoto ukutani kinasoma 34. Joto lazima lende mahali. Swali ni kwamba unalipeleka wapi, na nani anakaa huko.

Hapo ndipo maji yanapoishinda feni kabisa. Feni haiwezi kuhamisha joto mbali, mpira wa maji unaweza. Nikaongeza mita mbili za mpira, nikaifunga rejeta dirishani kwa ndani ya nondo, feni zikapuliza nje, pembeni nikaziba kwa kipande cha mbao. Chumba kikarudi kuwa cha binadamu.

Mama mwenye nyumba alipita uani siku hiyo hiyo. Akaona mipira, tangi, shaba inayong'aa, na hewa ya moto inatoka dirishani. Akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, humu ndani unapika gongo?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwa kweli ukiangalia, vinafanana sana! Nikamwingiza ndani, nikamwonyesha kila kitu, akanusa tangi kuhakikisha. Akaondoka akiguna kwamba shule nazo zina mambo. Luku najilipia mwenyewe, kwa hiyo hapo hatuna ugomvi.

Niwe mkweli kwenu: kama kompyuta yako ni ya kuandika barua na kutazama mpira, achana na habari hizi. Feni inatosha, na pesa itakusaidia kwingine. Hii ni kwa mwenye kazi nzito, joto kali na sababu.

Mimi sababu ninayo. Hadi leo nimeandika rekodi 41. Programu inakosea, tena sana kwenye majina ya watu na vijiji, hivyo nasikiliza tena kila moja na kusahihisha. Lakini badala ya saa tano natumia moja na nusu.

Juzi nilimpigia yule mama wa kiwandani nimsomee maneno yake kabla sijayatumia. Akasikiliza kimya mpaka mwisho. Akaniambia kuna jina la kijiji nimelikosea, akanitajia herufi kwa herufi, nikaandika. Kisha akauliza tena lile swali lake, ile sauti iko wapi sasa.

"Bado iko hapa kwangu, mama. Haijatoka."

"Haya baba. Basi andika."

Habari yenyewe naimalizia wiki hii. Mwenye swali kuhusu rejeta, oringi au mipira, aulize tu, nitajibu.