Shujaa Chini ya Mti

Msomaji wangu, ikiwa umepata kusoma kitabu cha shujaa mwenye nguvu za ajabu, yule arukaye juu ya milima na kuzuia risasi kwa kifua, basi waujua utamu wake. Mtoto akikifunga kitabu hicho hujiona ameongezeka kimo. Sisemi kwamba utamu huo ni kosa. Nataka kukusimulia jinsi nilivyoutumia vibaya mimi mwenyewe, ili siku utakaposhika kalamu kuwaandikia watoto usijikwae nilipojikwaa mimi.

Makazi yangu ni Bungoma. Dada yangu ameolewa Kitale, na binti yake, aliyekuwa na umri wa miaka minane wakati huo, alipenda hadithi kuliko chakula. Likizo moja nilimwandikia kitabu katika daftari, nikakipamba kwa picha za rangi. Shujaa wake alikuwa msichana aitwaye Binti Radi. Kila dhoruba ilipokuja, Binti Radi alikimbilia chini ya mti mrefu, akainua jembe juu, akaidaka radi na kuifungia katika kibuyu, ikawa taa ya kijiji kizima. Ili hadithi ionekane ya kisomi niliongeza mambo mawili ya sayansi: kwamba radi ni umeme, na kwamba chuma hupitisha umeme. Mambo hayo yote mawili ni kweli, lakini nilivyoyatumia ilikuwa hatari tupu.

Kitale iko mashariki ya Mlima Elgon, ambao kilele chake kina kimo cha mita 4,321. Hewa yenye unyevu hupanda mbavu za mlima huo, ikapoa, ikafanya mawingu. Kwa hiyo katika miezi ya mvua ngurumo za alasiri si jambo geni huko. Alasiri moja ya namna hiyo nyanya yake alimkuta mpwa wangu amesimama chini ya mkaratusi kando ya shamba la mahindi, jembe mkononi, kibuyu miguuni. Mama yule mzee hakuuliza swali. Alimshika mkono akamkokota mpaka ndani. Kabla mvua haijakatika, radi iliupiga mkaratusi ule, ikauchana gome toka juu hadi chini, na ng'ombe aliyefungwa karibu na shina lake akafa papo hapo.

Nilipopata habari nilipanda gari kwenda Kitale. Njiani nilitunga maneno ya kujitetea: hadithi ni hadithi tu, na kila mtu anajua hivyo. Mtoto alinipokea kwa adabu, akanipa shikamoo, kisha akaniuliza, "Mjomba, Binti Radi naye angekufa?"

Utetezi wangu wote ulinitoka. Nikamjibu, "Ndiyo, mwanangu. Angekufa."

Tangu siku hiyo nimelifikiri jambo hili sana. Shujaa arukaye angani hamdhuru mtoto kwa urahisi, kwa sababu mtoto ajua hana mabawa. Lakini mti, jembe na mvua anavyo. Aliyoyaona yanawezekana ndiyo aliyoyajaribu, na aliyaamini zaidi kwa sababu yalivikwa maneno ya sayansi. Ningemwambia kwamba ni uchawi, huenda angetia shaka. Nilimwambia kwamba ni elimu, akaniamini.

Lakini shujaa na kweli si maadui. Wabukusu wa Bungoma husimulia habari za Mango, aliyeliua joka lililokuwa likiwatesa watu. Katika masimulizi hayo Mango hakushinda kwa misuli mitupu. Alizijua nyendo za joka, akaingia pangoni wakati limetoka, akalivizia mpaka liliporudi. Nguvu yake ya kwanza ilikuwa jicho lake. Hata katika siku zetu wako watungaji wa namna hiyo. Mwaka 2021 ilianza kuonyeshwa katuni iitwayo Super Sema, ambayo Lupita Nyong'o, mwigizaji Mkenya, alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake. Shujaa wake ni msichana wa Kiafrika anayepambana na mtawala wa mashine kwa sayansi na ubunifu.

Basi nilikaa Kitale siku tatu, nikaiandika hadithi yangu upya. Binti Radi hakuidaka tena radi. Katika kitabu kipya ajua kwamba radi hulipasha hewa joto la nyuzi 30,000 hivi, na kwamba hewa hiyo ikifutuka ghafula ndipo tusikiapo ngurumo. Ajua kwamba mwanga hufika mara moja, bali sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo akiona mmweko huhesabu, na kila sekunde tatu ni kilometa moja. Hesabu isipofika 30, huwaita wenzake waingie katika nyumba imara, wala hawatoki mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mti ulio peke yake huukimbia, kwa maana umeme ushukao katika shina huweza kumrukia aliye karibu, au kumfikia kwa kupitia ardhini. Hata hivyo sikuziacha ajabu zote: nilimwachia farasi wa mawingu na kofia inayoimba, kwa kuwa hakuna mtoto awezaye kufa kwa kofia inayoimba.

Msomaji, ukiandika, buni upendavyo. Lakini jambo ambalo mtoto anaweza kulifanya kwa mikono yake, lipime kwanza kama unavyopima dawa kabla ya kumnywesha.

Mpwa wangu alikisoma kitabu kipya mpaka mwisho, akanyamaza. Nilidhani amechoshwa na shujaa asiyedaka kitu. Kisha akainua macho akasema, "Mjomba, haya hata mimi naweza." Jioni hiyo wingu lilipotanda juu ya Elgon, alisimama mlangoni akahesabu kwa sauti. Alipofika 20 ngurumo ikasikika, naye akawaita watoto wa jirani waingie ndani.