Miaka 12, na bado anasoma!

Haya jamani, leo nimedoji darasa. Jana usiku nilimpigia dada kumuuliza ataacha lini kusoma. Hesabuni wenyewe: udaktari miaka 6, intanshipu 1, magonjwa ya watoto 3, na sasa 2 tena, Chuo Kikuu cha Nairobi, dharura za watoto na watoto mahututi. Na mimi ualimu wa 4 nalia!

Akaniambia kuna usiku aliletewa mtoto ana degedege. Dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo, na huyo hawekeki kwenye mzani. Mamake hajui uzito. Ukikadiria vibaya, pumzi inakata.

"Nilikuwa daktari wa watoto tayari," akasema, "na mkono ulitetemeka."

Nikataka kuuliza kama alipona. Kredi ikaisha.