MPITA NJIA NA MKONO WA MCHORAJI



Sisi tunaoandika khati hapa madrasani Sofu tumezoea kusahihishwa na ustadhi. Yeye huipima alifu kwa nukta. Ikizidi nukta moja, kibao hurudi. Lakini tangu tuanze kuuza vibao ili tupate fedha za mikeka na wino, tumepata walimu wengine ambao hatukuwaomba. Hao ni wapita njia. Hawajui nukta wala thuluthi, nao husema wanachokiona.

Mzee mmoja, dereva wa lori, alisimama mbele ya kibao cha thuluthi, herufi zimepandana kama matawi ya mkorosho. Akasema, "Kizuri, wanangu, ila macho yangu hayajui yaanzie wapi." Neno lile lilitukaa. Tangu hapo tunaacha nafasi pana kati ya maneno, na vibao vya mlangoni tunaviandika kwa naskhi, mtu asome bila kusimama. Mama mwingine alisema nyeusi juu ya kijani haionekani usiku. Tukahamia rangi ya maziwa.

Wala si sisi wa kwanza. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, kwa rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya silingibodi. Wengi wa wanunuzi wake walikuwa wageni kutoka ng'ambo, pale Morogoro Stores, Oyster Bay. Mgeni wa namna ile hatoi hotuba. Hutoa fedha au hupita. Tingatinga alifariki mwaka 1972, wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Michoro ya mwanzo mara nyingi ina mnyama mmoja juu ya rangi moja tupu. Baadaye watalii walipenda mbuga nzima, basi wanyama wakajaa, na Mlima Kilimanjaro nyuma yao. Hata silingibodi ikapisha kitambaa, maana kitambaa hukunjwa kikaingia katika sanduku la msafiri.

Wapo wanaosema huko ni kuiuza sanaa. Sisi hatuwalaumu wale wachoraji. Familia nyingi zimekula kwa kazi ile, na mng'ao wa rangi umebaki. Ila anayechora twiga kwa kuwa twiga wa jana alinunuliwa, atajaribu kingine lini?

Twauliza kwa sababu mwaka huu mteja mmoja tusiyemfahamu aliagiza vibao kumi vya aya iliyopindwa iwe umbo la ndege. (Tulicheka kidogo, maana jirani zetu ni Picha ya Ndege.) Fedha yake ingetosha bati za upande wa wasichana. Tulijadiliana hadi Magharibi. Ustadhi akasema, "Akiwaambia haisomeki, msikilizeni, macho ni yake. Umbo la aya tutaamua sisi."

Tukamwonyesha aya ile ile ndani ya duara, kwa thuluthi ya wazi. Alichukua vitatu, si kumi. Bati bado hatujanunua. Alipokuwa akiondoka alisema mkia wa wau ungependeza ukiwa mpana zaidi. Wiki hii tunaujaribu.